Maneno ya Kijani

Kama kuna mtu katika hospitali ile aliyewahi kumsikia Mama Chapa akisema "nimekosea", ajitokeze. Hayupo. Miaka ishirini na miwili alikaa katika chumba kile kidogo nyuma ya stoo ya mashuka, chenye dirisha moja linalotazama matangi ya maji, akipiga chapa barua, ratiba, fomu, vyeti na vijitabu vya wodi, na hakuna karatasi iliyomrudia na duara jekundu. Madaktari wageni huambiwa siku ya kwanza: choo kile pale, kantini ile kule, na ukitaka kitu chako kichapwe vizuri nenda kwa Mama Chapa, ila usithubutu kumwambia afanye haraka.

Alikuwa anaringa, ndiyo, lakini tusimwonee. Aliringa kwa jasho lake. Kila kazi kabla haijatoka mlangoni ilisomwa kwa sauti. Yeye alishika karatasi iliyochapwa, na mwenzake wa chumba kile, fundi wa kujalidi ambaye watu walimwita Gundi, alishika ile ya mwandishi. Mama Chapa alisoma kila kitu, mpaka mkato aliutamka "mkato" na nukta akaitamka "nukta", na Gundi akafuata kwa kidole chake kilichokauka gundi. Wapita njia walidhani humo ndani kuna chuo cha dini. "Jicho linapenda kusaidia," Mama Chapa alikuwa akisema. "Linaona kilichotakiwa kuwepo. Sikio halina huruma hiyo."

Basi mwaka ule mfamasia mkuu akamletea kijitabu cha dozi za dawa. Kurasa arobaini, majedwali kila ukurasa, na hesabu za sehemu, namba juu ya namba na mstari katikati. Programu yake ya siku zote ikamtoa jasho. Ukigusa jedwali la ukurasa wa tatu, la ukurasa wa ishirini linahama nyumba. Alihangaika nalo wiki mbili mpaka akaanza kulitukana, na yeye si mtu wa matusi.

Aliyemwokoa ni binti wa kaka yake, msichana anayesoma hesabu chuoni, ambaye Mama Chapa anamwita Profesa kwa utani na kwa fahari pia. Profesa alikuja kumsalimia siku moja, akamkuta anagombana na skrini.

"Shangazi, hiyo programu si ya kazi hii. Nipishe kidogo."

Akamwekea programu nyingine ya kuandikia, ya bure, yenye uso mweusi kama ubao wa darasani, na ndani yake akapachika kiendelezi, yaani kiprogramu kidogo cha kuiongezea kazi ile kubwa. Akamweleza. Upande wa kushoto unaandika maneno pamoja na maagizo yake: hiki kichwa, hili jedwali, hii hesabu ya sehemu. Ukihifadhi tu, kiendelezi kinayapeleka kwa mpangaji wa kurasa, aliyemo humo humo ndani ya mashine, kigurudumu kinazunguka pale chini, halafu upande wa kulia unatokea ukurasa umepangwa, majedwali yamekaa kitako na hayahami.

"Yaani nipike chungu kimefunikwa, nionje mwishoni?" aliuliza Mama Chapa.

"Ndiyo, Shangazi. Lakini maagizo yenyewe yanatiwa rangi ili usipotee. Ona, haya ya bluu, haya ya chungwa."

"Mapambo nayo yamo."

"Si mapambo, Shangazi." Lakini shangazi mtu alikuwa ameshaanza kuandika.

Jambo moja Profesa alilikazia mno. Alimwandikia alama saba kwenye karatasi akaibandika ukingoni mwa skrini. "Hizi zina wenyewe. Ukitaka zichapwe kama zilivyo, zitangulizie huu mkwaju, kimstari hiki kinachoegemea nyuma. Hasa hii ya asilimia. Ukiiacha uchi, mashine inadhani unajisemea moyoni. Kila kinachofuata kwenye mstari ule haikichapi kabisa, wala haikuambii."

Mama Chapa alisikia, na akatii. Kijitabu kile kilikuwa na alama za asilimia mia na kumi na tatu, na zote mia na kumi na tatu alizivika mkwaju kwa mkono wake mwenyewe. Gundi alipofuata kwa kidole hakukuta hata moja iliyopungua. Hapo ndipo Mama Chapa alipojiona amefuzu, akaanza kuwaambia watu kantini kwamba siku hizi anaandika kwa maagizo. Wenzake wakamwuliza kama anaagiza chai pia.

Halafu ikaja Jumatano.

Mfamasia mkuu alikuwa mguu nje mguu ndani, anakwenda mkutanoni mbali. Saa sita mchana akatuma barua pepe: "Mama, samahani sana, tumesahau sentensi moja. Iongeze mwisho wa maelezo ya ukurasa wa 31, kisha chapa tu, wodi zinasubiri." Na sentensi yenyewe ikafuata: mtoto mwenye ugonjwa wa figo apewe 50% ya dozi ya uzito wake, mara moja tu kwa siku.

Gundi alikuwa ametoka kwenda kununua uzi wa kushonea. Mama Chapa akainakili sentensi ile kutoka kwenye barua akaibandika mahali pake. Haikupita chini ya vidole vyake, ndiyo maana haikuvishwa kitu. Ilipotua pale, nusu yake ya kwanza ilikuwa nyeupe na nusu ya pili ya kijani.

Aliiona hiyo rangi. Hapa ndipo panapouma, aliiona vizuri kabisa. Lakini mfamasia yule alikuwa mtu wa marangirangi, barua zake zote zina maneno mekundu na ya zambarau, na katika programu ya zamani ulichokibandika kilikuja na rangi zake za kwao. Mama Chapa akasema kimoyomoyo, huyu naye na rangi zake, na kwa vile wino wa mashine yao ni mweusi tu, hakujali. Akahifadhi. Kigurudumu kikazunguka. Akatupa jicho upande wa kulia, jedwali limekaa, ukurasa haukuhama. Jicho likamsaidia. Hakusoma kwa sauti, maana ni sentensi moja, na Gundi hayupo, na wodi zinasubiri. Akachapa nakala kumi na mbili. Alhamisi zikajalidiwa, na jioni ile ile zikagawiwa, kila wodi nakala yake.

Ijumaa saa nne kasoro asubuhi alikuwa anaandika tangazo la kunawa mikono. Akaandika, "Tunataka wahudumu wote wanawe mikono 100% kabla ya kumgusa mgonjwa." Aliandika haraka, na alipopita tu ile alama ya asilimia, maneno yakaanza kutoka ya kijani chini ya vidole vyake. Akahifadhi bila kufikiri. Upande wa kulia pakatokea: "Tunataka wahudumu wote wanawe mikono 100".

"Wanawe mikono mia!" akacheka peke yake. "Gundi, njoo uone, wahudumu wetu wamekuwa pweza."

Gundi akaja akicheka, akakuta mwenzake hacheki tena. Mama Chapa alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, anatazama yale maneno ya kijani. Alijua kabla hajajua.

Akafungua faili la kijitabu. Ukurasa wa thelathini na moja. Kushoto sentensi nzima ilikuwepo, nusu kijani. Kulia ilikuwepo nusu tu: "Mtoto mwenye ugonjwa wa figo apewe 50". Basi. Mwisho wa maelezo, na chini yake karatasi tupu.

"Hamsini nini?" aliuliza Gundi.

Mama Chapa akamfungulia ukurasa wa kwanza. Mfamasia, ili kubana nafasi, alikuwa ameandika pale kwa herufi nzito: namba zote zisizo na kipimo ni miligramu. Gundi akasoma, akakaa juu ya rimu ya karatasi.

Dawa ya ukurasa ule ni sindano, ile ya kichupa chenye kifuniko cha bluu. Dozi yake miligramu saba kwa kila kilo ya mtoto, asubuhi na jioni. Mama Chapa si muuguzi, lakini hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Mtoto wa kilo saba, saba mara saba arobaini na tisa. Kwa mwenye figo mbovu nusu yake, ishirini na nne na nusu. Na kijitabu kinasema hamsini. Si namba ya kumshtua mtu, lau ingekuwa mia tano muuguzi angecheka akaitupa. Hamsini inaelekea. Hamsini inaingia vizuri kabisa kwenye bomba la sindano. Na lile neno la mara moja tu kwa siku limekwenda na maji.

"Tuwapigie wodini," alisema Gundi.

"Tuwaambie nini?"

"Kwamba kuna kosa."

"La nani?"

Gundi akatazama viatu vyake. Mkono wa Mama Chapa ulikuwa tayari juu ya simu ya mezani. Ukakaa pale. Alijiona akiwa kantini, watu wakinyamaza anapoingia. Akajiona akiitwa ofisini, yeye aliyewatuma wengine warudie barua kwa ajili ya mkato mmoja. Akaondoa mkono. Akajiambia watoto wa figo hawaji kila siku. Akajiambia kijitabu kina siku moja tu, nani ameshakifungua? Dakika ishirini. Atarekebisha, atachapa ukurasa ule mmoja, Gundi atakata wa zamani kwa kisu na kubandika mpya, watapita wodi kwa wodi wakisema wanakagua majalada. Nani atajua? Tusijifanye wema sana hapa, wengi wetu tungeondoa mkono.

"Nitengeneze kwanza," alisema. "Noa kisu."

Akaivika asilimia mkwaju wake. Kijani kikafutika papo hapo, sentensi nzima ikawa nyeupe. Akahifadhi. Kigurudumu kikazunguka, kikazunguka, badala ya alama ya vema ikatokea alama nyekundu ya kosa. Na upande wa kulia: apewe 50.

Akahifadhi tena. Nyekundu. Apewe 50.

"Si nimekurekebisha wewe!" aliipigia kelele skrini. Akafuta sentensi akaiandika upya neno kwa neno. Nyekundu. Akafunga programu akaifungua. Apewe 50, imemkodolea macho. Saa ya ukutani ikasema saa nne na dakika kumi na moja. Akampigia mfamasia mkuu, simu haipatikani. Akampigia Profesa, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, na safari hii binti akapokea kwa kunong'ona, yuko darasani.

"Shangazi, kuna nini?"

"Imekataa. Nimerekebisha, nayo inanionyesha kosa lile lile."

"Inaonyesha nyekundu? Basi ukurasa wa kulia ni wa zamani, Shangazi. Kiendelezi kikishindwa kupanga kinakuachia ule wa mwisho uliofaulu. Kuna kitu umekifuta bila kujua. Tazama chini, kimetaja mstari gani?"

Akasoma namba ya mstari. Akaenda. Bano moja lenye kiuno, lile la kufungia maelezo, halikuwepo. Alikuwa amelifuta kwa kidole chenye woga wakati anaivika asilimia. Akalirudisha, akahifadhi, alama ya vema ikaja, na kulia sentensi ikatokea yote, mpaka nukta.

"Afadhali," alisema Profesa. Halafu akauliza: "Shangazi, ni kile kijitabu cha dozi? Kimeshatoka?"

"Bado," alisema Mama Chapa, na akakata simu.

Profesa ni mtoto aliyemfuta kamasi yeye mwenyewe. Hajawahi kumdanganya hata kuhusu peremende. Alikaa na lile neno mdomoni wakati mashine inatoa karatasi kumi na mbili, moja moja, taratibu kupita kawaida yake. Gundi alikuwa amesimama mlangoni na kisu chake na kopo la gundi, uso umemwiva kama anayekwenda kuiba.

"Tuanze na ya watoto," alisema Mama Chapa.

"Ungepiga tu simu," alisema Gundi.

"Nenda ukachukue nakala za jengo la pili. Ya watoto niachie mimi."

Akatoka, karatasi ameificha ndani ya faili la matangazo ya zamani ya kunawa mikono. Alitembea kwa mwendo wa kawaida, akajibu salamu, akamwuliza mfagiaji habari za mgongo wake. Kwenye ukumbi mrefu wa wazi kati ya famasia na wodi akakutana na mhudumu wa famasia anarudi na sinia tupu, anapiga mluzi.

"Mama Chapa! Mbona jasho, nani anakufukuza?"

"Joto. Ulikuwa wapi?"

"Kwa wifi yako, wodi ya watoto. Nimempelekea sindano za kifuniko cha bluu. Kuna katoto kameletwa alfajiri, figo hizo, kamevimba uso mpaka huruma. Wifi yako alikuwa anazililia kama anazinywa yeye."

Kifuniko cha bluu. Ukurasa wa thelathini na moja.

"Umempa saa ngapi?"

"Sasa hivi. Mlango bado unatikisika."

Mama Chapa ana magoti mabaya, daktari alimkataza ngazi, na yeye mwenyewe amekataza watu wasikimbie katika kumbi zile, kwa tangazo alilolichapa kwa mkono wake. Alikimbia. Kandambili moja ilibaki nyuma akaiacha. Faili lilifunguka, matangazo yale ya zamani yakasambaa sakafuni, akabaki na ile karatasi moja tu kifuani. Alikuwa anahesabu dakika alizozila mezani: kumi na moja za kupigana na mashine, tano za simu, nne za kuchapa, na zile za kumwuliza mfagiaji habari za mgongo. Mungu wangu, za mgongo.

Wodi ya watoto ina chumba kidogo cha matibabu, chenye meza ya bati na benchi. Muuguzi mkuu wa pale ni dada wa mume wake, mwanamke mnene, mcheshi, mkono wake mwepesi hata watoto hawamwogopi. Alikuwa amesimama karibu na meza, bomba la sindano limejaa, analiinua mwangani kutoa hewa. Kijitabu kipya kilikuwa wazi mezani, kimelazwa chini ya mkasi kisijifunge. Kwenye benchi mama mmoja kijana amempakata mtoto wa miezi kadhaa, ameshamfunua paja.

"Wifi, ngoja!"

Muuguzi akageuka. "Haya makubwa! Wifi, unakimbia na magoti hayo? Kiatu kiko wapi? Kaka yangu amekufukuza leo?"

"Usichome."

"Kwa nini?"

"Kitabu kina kosa."

"Kosa? La nani?"

Lile swali lake mwenyewe, alilomwuliza Gundi, lilikuwa limemtangulia kufika. Mama Chapa akafungua mdomo. Maneno matatu yalikuja kwa mpigo, na yote yalikuwa ya kweli nusu: mashine, mfamasia, rangi. "Ma..." alianza. Akamtazama yule mtoto. Alikuwa na soksi moja ya njano, macho yamezama katika uvimbe, anamtazama yeye.

"Mimi," alisema. "Nimekosea mimi."

Wifi yake akaangua kicheko. "Wewe? Acha utani, nina kazi." Akageukia benchi na bomba lake.

"Nimekosea, wallahi! Si hamsini!"

"Wifi, nimepiga hesabu mwenyewe. Mtoto ana kilo saba, saba mara saba arobaini na tisa, hamsini inaingia. Nami ilinitatiza kidogo, figo na dozi yote hiyo, nikampigia mfamasia hapatikani. Ndipo nikasema, aa, hiki kimetoka kwa Mama Chapa. Mama Chapa hakosei."

Loo! Miaka ishirini na miwili ya jina zuri, na leo limekaa kwenye ncha ya sindano. Mama Chapa akamshika mkono. Hakuna mtu anayemshika muuguzi mkono wenye sindano, lakini alimshika, na sauti iliyomtoka ilisikika mpaka vitanda vya mwisho.

"Nakosea! Nimekosea Jumatano saa sita, sikusoma kwa sauti, nusu ya sentensi haikuchapwa! Niamini jamani, nimekosea!"

Akamwekea karatasi mezani, juu ya kijitabu. Muuguzi akasoma. Akasoma tena akisogeza midomo. Utani ukamtoka usoni pole pole, akaliweka bomba kwenye sinia kwa uangalifu mno, akakaa.

"Nusu," alisema.

"Nusu."

"Na ya jioni?"

"Hakuna ya jioni. Mara moja tu kwa siku."

Muuguzi akavuta kadi ya mtoto. Pale alikuwa ameshaandika: hamsini asubuhi, hamsini jioni. Akakata mstari juu ya zote mbili, kalamu ikatoboa kadi. Halafu akavuta dawa upya, akahesabu kwa sauti, akamwonyesha Mama Chapa, akajionyesha mwenyewe, ndipo akamchoma mtoto. Mtoto akalia kilio chembamba kisha akanyamaza kwenye titi la mama yake.

"Ulijua saa ngapi?" aliuliza muuguzi, bila kumtazama.

Hili nalo lilikuwa na njia ya kukwepa. "Saa nne kasoro."

"Sasa ni saa nne na nusu inapita, wifi. Simu yangu iko pale ukutani."

"Najua."

"Ilikuwa nzima."

"Najua, wifi."

Mama Chapa akanyanyua simu ile ile ya ukutani, akawaambia wodi moja baada ya nyingine: fungeni kijitabu, ukurasa wa thelathini na moja una kosa, ni langu. Baadhi walicheka kama alivyocheka wifi yake, ikabidi aseme mara mbili. Alipomaliza akampigia Profesa. "Kilikuwa kimeshatoka," alisema. "Nilikudanganya." Profesa akasema, "Pole, Shangazi," na sauti yake ilikuwa ndogo.

Alipogeuka, yule mama kijana alikuwa bado yuko pale, amemfunga mtoto kifuani kwa mikono yote miwili. Alikuwa amesikia kila neno. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimtisha Mama Chapa kuliko hasira.

"Ni wewe uliyeandika hiki kitabu?" aliuliza.

"Ni mimi, mwanangu."

"Chote?"

"Chote."

"Na kurasa nyingine je? Ziko sawa?"

Jana Mama Chapa angejibu hata kabla swali halijaisha. Alitazama kijitabu kile pale mezani, jalada jipya, uzi umebana vizuri, kurasa arobaini. Alizikumbuka asilimia zake mia na kumi na tatu.

"Sijui," alisema.

Gundi akatokea mlangoni akihema, kandambili ya Mama Chapa mkononi na karatasi za mfamasia kwapani, zile za mwanzo zilizoandikwa kwa kalamu, na juu yake ile barua pepe ya Jumatano ameitoa kwenye mashine. Alikuwa amesikia kelele tangu ukumbini. Akaketi upande mmoja wa benchi, akaziweka magotini, akatoa kidole chake.

Mama Chapa akaketi karibu naye na kijitabu. Akavaa miwani, akakifungua mwanzo kabisa.

"Anza na wa mwanangu," alisema yule mama.

Akafunua mpaka thelathini na moja, akaiweka ile karatasi mpya juu. Akasoma kwa sauti: "Mtoto mwenye ugonjwa wa figo apewe asilimia hamsini ya dozi ya uzito wake, mkato, mara moja tu kwa siku. Nukta."

"Ndivyo ilivyoandikwa," alisema Gundi.

Yule mama akamsogeza mtoto bega la pili. "Rudia," alisema.

Mama Chapa akarudia.